Orodha ya Chaki Ukutani

Sketi ya shule ya Unyoya ilikuwa imepunguzwa kiuno mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na aliyeipunguza ni mama yake mwenyewe, fundi cherehani ambaye utepe wake wa kupimia haukuwa na tabia ya kusema uongo. Watoto wa wateja waliletwa kushushiwa pindo kwa kuwa wamerefuka. Wa kwake alivuliwa sketi ivutwe ndani kwa upana wa kidole kimoja zaidi. Na kila alipoufumua mshono wa zamani, mama aliinua macho bila kutaka, akautazama ukuta uliokuwa nyuma ya cherehani.

Ukutani palikuwa na orodha. Aliiandika kwa chaki ya kukatia nguo, neno chini ya neno, kwa mwandiko ulionyooka. Juu kabisa: mayai. Chini yake matango, kisha viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchemsha, embe bichi, nyanya mbichi, samaki wa kukaanga, na mwisho parachichi, lililoongezwa miezi miwili nyuma. Vitu vinane, na kila kimoja kilikuwa na siku yake. Mtoto anakula, anacheka, anaanza kujikuna shingo; mabaka mekundu yanapanda kifuani; midomo inavimba mpaka sura inakuwa ya mtoto wa mtu mwingine. Siku ya nyanya alitapika. Siku ya parachichi sauti ilimkauka, akawa anavuta pumzi kwa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta, na baba yake akakimbia naye mgongoni hadi zahanati, ambako sindano moja ilimrudisha.

Tangu siku hiyo mama aliishi akiwa ameshika roho mkononi. Unyoya alikula uji, wali, maharage na mboga za majani, vyote vikipikwa na mama peke yake. Jina lenyewe la Unyoya baba alimbandika kwa utani, wakati mtoto alikuwa mnene wa kuchosha mabega. Sasa utani ulikuwa umeisha na jina limebaki, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitamka kwa kicheko.

Baba alikuwa muuza karanga, maarufu kituo kizima cha mabasi kwa jina la Mzee wa Moto, kwa sababu karanga zake hazikuwahi kupoa. Alikuwa mtu wa mzaha mwingi, lakini daktari alipowaita na kuwaambia anataka kumjaribu mtoto kwa yai, mzaha ulimkauka mdomoni.

Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Wagonjwa walimwita Daktari Robo Saa, kwa kuwa hakumpa mtu yeyote muda chini ya huo, na waliokuwa kwenye foleni walilalamika mpaka zamu yao ilipofika, wakanyamaza. Aliisoma orodha, ambayo mama aliinakili kwenye karatasi, akairudia kuanzia chini kwenda juu.

“Mama Unyoya, mzio una ukoo wake,” alisema. “Anayedhurika na kaa, mara nyingi kamba wa baharini naye humdhuru, kwa sababu hao ni ndugu. Lakini yai, tango na parachichi? Hawa hawajuani hata kwa salamu. Amewahi kula yai asipate kitu?”

Mama alisita. “Kwa shangazi yake. Mara mbili, kwa siri. Alirudi mzima.”

“Shangazi anasemaje?”

“Anasema tunamlea mtoto kama yeye ndiye yai.”

Daktari hakucheka. Alidondosha matone kwenye mkono wa Unyoya, tone la ute wa yai na tone la dawa ya kulinganishia ambayo huvimbisha ngozi ya kila mtu, akachoma ngozi kidogo ndani ya kila tone, kisha wakasubiri robo saa. Tone la kulinganishia liliota kiuvimbe kama cha kuumwa na mbu. La yai halikuota kitu.

“Kipimo hiki pekee hakitoshi,” alisema, “lakini kikijumlishwa na ya shangazi, kinanipa ujasiri. Mtoto huyu anakonda kwa hofu yetu, mama, si kwa ugonjwa. Jumatano mlete. Chemsha yai nyumbani mpaka liive sawasawa, na usimpe chakula kingine. Atalila hapa, kidogo kidogo, mimi nikiwepo na sindano ikiwa mezani.”

“Na kama yai ndilo lenye kosa?”

“Basi ni heri tulijue hapa kuliko jikoni kwako.”

Jumatano hiyo baba aliaga mapema kuliko kawaida. “Nenda naye wewe,” alimwambia mkewe, akiangalia viatu vyake. “Mimi nikiona tena ile midomo, mtakuwa na wagonjwa wawili.” Akasukuma mkokoteni wake, akaondoka bila kupiga mluzi.

Saa tatu asubuhi, mama na mwanawe waliketi katika chumba kidogo kando ya chumba cha daktari. Palikuwa na kitanda chenye mpira mweusi, saa ya ukutani, mtungi wa oksijeni wenye kofia ya kitambaa kama mtu aliyejiandaa kwa baridi, na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa, ndani ya bakuli la chuma, kulikuwa na bomba la sindano na kichupa cha adrenalini. Mama alikaa mahali ambapo hangeweza kuviona, kisha akahama kwa sababu kutoviona kulikuwa kubaya zaidi.

Daktari mwenyewe alilimenya yai, akalikata. Kipande cha kwanza kilikuwa sawa na punje ya mchele. Unyoya alikiweka ulimini, akakimeza.

“Kinaitwaje hiki?” alimuuliza daktari. “Kifungua kinywa cha sisimizi?”

“Ndiyo. Robo saa ijayo utakula cha panya.”

Mama hakusikia mzaha. Alikuwa ameutoa utepe wa kupimia mkobani, anauzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe, anaufungua, anauzungusha tena. Alitazama shingo. Alitazama midomo. Mkono wa saa ulikwenda kama mtu anayetumwa asikotaka.

Robo saa ya kwanza ilipita. Daktari alimulika koo, akasikiliza kifua, akatoa kipande kama punje ya haragwe. Robo saa ya pili ilipita. Kipande cha tatu kilikuwa robo ya yai, na hicho mama alikitazama kikiingia kinywani kama anayetazama mtoto akivuka barabara kubwa peke yake. Dakika tano. Dakika kumi. Unyoya aliuliza kama saa ile nayo huenda likizo. Robo saa ya tatu ilikwisha, na ngozi ya mtoto ilikuwa safi kama ilivyotoka nyumbani.

“Imebaki sehemu kubwa,” daktari alisema, akiweka nusu ya yai kwenye kisahani. Alikuwa na uso wa mtu anayejizuia kufurahi mapema. “Akimaliza hii, tutasubiri saa mbili, kisha nitakuambia jambo zuri. Niko chumba cha pili, mlango uko wazi. Muuguzi atakaa nanyi.”

Hapo ndipo Unyoya alipofunga kinywa.

“Sitaki. Halina ladha.”

“Kula, mama.”

“Linakwama. Kama kula karatasi.”

Mama aliitazama saa. Daktari alikuwa amemwambia kuwa asipomaliza, kipimo hakitahesabika, na watalazimika kurudi siku nyingine kuanza upya na punje ya mchele. Kuanza upya. Aliwaza kukaa tena katika kiti kile na kuziishi tena dakika zote zile, na moyo wake ukakataa. Akafungua mkoba. Alimjua mwanawe, na kwa sababu alimjua alikuwa amebeba kipande cha karatasi kilichosokotwa, ndani yake chumvi ya mezani aliyoikwangua asubuhi ile chini ya kopo. Akakifungua, akalinyunyizia yai.

Muuguzi, kijana mpole aliyekuwa akiandika kwenye daftari, aliinua kichwa. “Hata mimi yai bila chumvi halinipiti kooni,” alisema, akarudi kwenye daftari lake.

Unyoya alikula nusu yote, akalamba vidole.

Mama aliuzungusha utepe kidoleni. Dakika moja. Dakika mbili. Dakika ya tatu mtoto alijikuna nyuma ya sikio.

“Unajikuna nini?”

“Kunawasha.”

“Wapi?”

“Kila mahali.”

Baka la kwanza lilitokea chini ya kidevu, jekundu, lenye kingo kama ramani. Mama alilitambua kama mtu anavyotambua hatua za mdai mlangoni. La pili likatokea. Midomo ikaanza kujaa. Unyoya alikohoa mara moja, akamtazama mama yake, kisha ule mlio ukaja, mlio wa mlango usiotiwa mafuta.

“Daktari,” mama aliita. Alidhani amepiga kelele. Sauti ilitoka ndogo. Muuguzi ndiye aliyeifikisha.

Daktari Robo Saa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, aliingia kwa hatua tatu. Hakuuliza kitu. Alimlaza mtoto chali, muuguzi akainua miguu juu ya mto, adrenalini ikavutwa kwenye bomba, kitambaa cha sketi kikasogezwa, na sindano ikaingia ubavuni mwa paja. Kofia ya kitambaa iliruka kutoka kwenye mtungi. Barakoa ilifunika uso mdogo, na juu yake yakabaki macho tu.

“Mwongeleshe,” daktari alimwambia mama. “Akusikie.”

Mama alifungua kinywa, na katika maneno yote ya duniani alipata haya tu: “Kiuno inchi ishirini. Urefu wa sketi inchi kumi na sita. Pindo inchi mbili.” Aliyarudia. Aliyarudia tena, taratibu, kama anayempimia mteja, ameshika mkono uliokuwa wa baridi. Mashine iliyobana kidole cha mtoto ilikuwa ikilia haraka haraka. Daktari alikuwa ameweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa pili, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Muuguzi alikuwa tayari anavuta sindano ya pili.

Dakika ya tano mlio wa pumzi ukalegea. Dakika ya saba Unyoya akaivuta barakoa kando kwa kidole.

“Umesema pindo mara nyingi,” alisema kwa sauti ya mkwaruzo.

Mama aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na mpira mweusi ukalowa.

Sindano ya pili haikuhitajika. Rangi ilirudi, mabaka yakaanza kufifia, na daktari akaketi kwenye kiti cha mama. Mikono aliiweka chini ya makwapa.

“Nilikuambia,” mama alisema bila kuinua kichwa. “Ni yai. Nilikuambia tangu mwanzo.”

“Uliniambia.” Daktari aliigeukia saa ya ukutani. “Lakini robo nzima ya yai ilikaa tumboni robo saa bila neno, na kabla yake vipande viwili. Kisha ndani ya dakika tatu anazama. Yai moja, ndani ya saa moja, haliwezi kuwa na tabia mbili. Mama, umempa kitu kingine?”

“Sikumpa kitu. Ulikataza.”

Muuguzi aliweka kalamu chini.

“Chumvi, daktari,” alisema. “Alinyunyiza chumvi. Niliona. Nami nikasema maneno ya kijinga.”

“Chumvi si kitu,” mama alisema. Hakuwa akibisha. Hivyo ndivyo alivyoamini, na hivyo ndivyo alivyojibu kila mara alipoulizwa mtoto amekula nini. Nani huulizwa amekula nini, akajibu yai na chumvi?

Daktari aliichukua ile karatasi, akaikung’uta kwenye kisahani cheupe, akavaa miwani. Chumvi ilikuwa ya rangi ya mchanga. Ndani yake mlikuwa na vumbi laini la hudhurungi na vipande vya ganda jekundu, vyembamba kama mabawa ya mchwa. Aliinusa.

“Hii mnanunua wapi?”

“Hatununui. Ya kupikia ndiyo tunanunua, ya pakiti. Hii ya mezani ni ya kwenye kikaango. Baba Unyoya hukaangia…” Mama alisimama hapo. Alisikia neno linalofuata kabla ya kulitamka, na lilipokuja lilikuja peke yake, bila nguvu. “Karanga.”

Kisha akaeleza, kwa kuwa daktari alimsubiri. Karanga zikikaangwa juu ya moto mtupu huungua upande mmoja. Zikizikwa ndani ya chumvi ya moto huiva sawasawa. Ndiyo siri ya Mzee wa Moto. Chumvi hiyo hutumika wiki mbili, ikibadilika rangi huwekwa mpya, na kuimwaga ilikuwa kama dhambi. Baba aliichekecha, akaijaza koponi, akaileta nyumbani. Kwenye chungu ilichafua mchuzi, hivyo ikawa ya mezani: ya yai, ya tango, ya kiazi, ya embe bichi. Alipokuwa akivitaja, mama alitambua kwamba anaisoma orodha ya ukutani kutoka juu kwenda chini.

“Na kwa shangazi?”

“Shangazi ana chumvi yake.”

“Karanga zenyewe, mtoto amewahi kula?”

“Akiwa na miaka miwili alitema. Alisema zina miiba. Baba yake alicheka, akasema mtoto wa muuza duka hatamani pipi. Nasi kwetu bidhaa hailiwi. Hatukumpa tena.” Akafuta uso kwa kiganja. “Hiyo ya leo niliikwangua chini ya kopo.”

“Ambako vumbi hujikusanya,” daktari alisema. “Juu ya kopo huenda midomo ilimuwasha tu. Chini ya kopo ndiyo siku za kukimbizana.” Alivua miwani. “Nisikilize. Nilikuambia usimpe chakula kingine, sikukutajia chumvi. Muuguzi wangu alikuona, naye sikumfundisha. Kosa la leo lina wenyewe, na hukai ndani yake peke yako.”

Mama alitikisa kichwa kukubali, lakini maneno hayakumwingia. Alikuwa akiona mikono yake mwenyewe ikinyunyiza, mwaka baada ya mwaka, kwa upendo.

Walizuiwa zahanati hadi alasiri, kwa kuwa shambulio la namna ile huweza kurudi baada ya kuonekana limekwisha. Kila kikohozi cha mtoto kilimwinua mama kitini. Katika saa hizo daktari alimfundisha kuvunja kichupa, kuvuta dawa hadi mstari uliowekwa alama nyekundu, na kuchoma ubavuni mwa paja. Alimpa mto mdogo wa pamba ajaribie.

“Sindano wewe si mgeni wake.”

“Za nguo,” mama alijibu. “Nguo haikutazami.”

Alichoma mto mara kumi. Mara ya kumi alichoma bila kusita, na hilo nalo lilimwogopesha.

“Yai tutalimaliza siku nyingine, bila chumvi,” daktari alisema wakati wa kuwaaga. “Karanga tutazipima baada ya wiki kadhaa, ingawa jibu ninalo. Usifute kitu ukutani leo. Ongeza tu. Na nyumba ioshwe: meza, vijiko, kopo, mashuka. Nguo za kazi za baba zisivuke mlango.”

Mama alipitia kwa shangazi, akamwacha mtoto huko, akarudi nyumbani peke yake. Aliosha kila kilichooshika. Kopo alilifunga ndani ya mifuko miwili, akalibeba mbali na mwili wake hadi pipa la taka la mwisho wa mtaa. Saa kumi na moja jioni shangazi alimleta Unyoya, kwa mara ya kwanza bila neno la kejeli, na mama akamlaza kwenye shuka safi. Kisha akachukua chaki, akasimama mbele ya orodha.

Hakuandika. Neno lile, karanga, ndilo lililolipia chaki, na cherehani, na paa lililokuwa juu ya orodha yenyewe.

Nje, magurudumu ya mkokoteni yalisimama. Habari baba alikuwa ameshazipata kwa simu, zote. Mama alingoja mlango ufunguke kama kila siku, na kufunguka kwake kulikuwa jambo aliloliogopa kuliko yote ya siku ile: mwanamume mwenye harufu nzuri ya moto na karanga, mikono imenyooshwa, na mtoto akikimbilia kifuani pake. Alisogea, akasimama kati ya kitanda na mlango.

Mlango haukufunguka.

“Amelala?” baba aliuliza kutoka nje.

“Yuko macho,” Unyoya alijibu mwenyewe. “Baba, mbona huingii?”

Mama alimsikia akipumua upande wa pili wa mbao.

“Nina vumbi, mwanangu,” alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti nyingine: “Mama Unyoya. Nipe chaki.”

Mama aliipitisha dirishani bila kugusa vidole vya baba, naye baba akaipokea bila kuvinyoosha. Mama akasikia chaki ikikwaruza mbao za mlango kwa nje, pole pole, herufi kwa herufi, kwa mkono usiozoea kuandika. Ilikwaruza muda wa neno moja, ikasimama. Halafu hatua zikaelekea uani, bomba likafunguliwa, na maji yakaanza kumwagika juu ya mtu aliyekuwa bado amevaa nguo zake.

Mama aliinua macho kwenye saa. Robo saa ilipita, na maji yalikuwa bado yanamwagika.